Tuliulize Neno Kabla Halijashika Silaha

Mazungumzo ya redio juu ya amani: michezo ya kuigiza ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na faida yake kwetu

Mimi ni mdogo wenu. Nilisoma sheria, na kazi yangu ni kufundisha raia haki zao na wajibu wao. Lakini leo sitaanza na kifungu cha sheria. Leo nataka tuzungumze juu ya mchezo wa kuigiza, au teatri kama tunavyosema hapa kwetu.

Najua kuna mzee mmoja amekunja uso. Anasema: sisi tumeacha mashamba, mbuzi wetu wameliwa, watoto wanalala njaa, na huyu anatuletea habari za michezo? Swali hilo ni la haki, na ninaomba uvumilivu wenu mpaka mwisho. Nitawaonyesha kwamba kuna maneno yanayozunguka katika kambi zetu jioni, maneno ya kuwaita vijana waende porini. Maneno hayo hayaulizwi swali hata moja mahali pa wazi. Teatri ni njia moja ya kuyauliza. Tena ni njia ambayo jirani zetu walikwisha kuitumia.

CHUO KILICHOANZIA MTAA WA LUMUMBA

Wengi wetu tuna ndugu katika kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma, Tanzania. Basi tuvuke ziwa kwa mawazo, tupite Kigoma, twende mpaka pwani, Dar es Salaam. Pale kuna chuo kikuu. Kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, na masomo ya kwanza kufundishwa yalikuwa sheria. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi wachache sana. Hawakuwa hata na majengo yao wenyewe. Walianza katika jengo la chama cha TANU, katika mtaa unaoitwa Lumumba. Ndiyo, jina la Patrice Lumumba wetu, aliyeuawa Januari ya mwaka huo huo wa 1961. Baadaye chuo kilihamia kwenye kilima nje ya mji, mahali ambapo watu hupaita Mlimani mpaka leo.

Mwaka 1967 chuo kile kilianza kufundisha sanaa za maonyesho kama somo. Hapo pana jambo la kutazama. Nchi ilikuwa changa, maskini, ina haja ya waganga, ya mainjinia, ya waalimu. Mtu angeweza kusema kwamba teatri ingoje kwanza. Lakini waliona kwamba taifa jipya lina haja pia ya mahali pa kujitazama. Na mchezo mmoja uliotoka kwa kijana wa chuo kile unatuhusu sisi wa mashariki ya Congo kana kwamba uliandikwa kwa ajili yetu.

Kijana huyo ni Ebrahim Hussein. Mchezo wake unaitwa Kinjeketile. Ulichapishwa mwaka 1969, kwa Kiswahili, na mwaka 1970 yeye mwenyewe akautoa kwa Kiingereza. Shule nyingi za Afrika ya Mashariki zimeusoma na kuucheza tangu wakati ule. Mchezo huo ni juu ya maji. Ni maji ya dawa, maji ambayo mtu akinyunyiziwa, risasi haimpati.

Naona sasa yule mzee ameacha kukunja uso.

VITA VYA MAJI MAJI

Kwanza tujue habari yenyewe jinsi ilivyotokea, maana mchezo umejengwa juu yake.

Wakati ule Wajerumani walitawala nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Waliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba. Mtu aliacha shamba lake la chakula akaenda kulima pamba ya serikali. Malipo yalikuwa kidogo sana, na fimbo ilikuwa nyingi. Wazee wetu wa Maniema na wa Uele hawahitaji kuelezwa, kwa kuwa Wabelgiji nao waliwalazimisha watu kulima pamba, kuanzia mwaka 1917.

Basi katika kijiji cha Ngarambe, karibu na mto Rufiji, alitokea mtu jina lake Kinjikitile Ngwale. Alitoa maji ya dawa na neno la umoja: watu wa makabila yote ni wamoja, na risasi za Wajerumani zitakuwa maji. Neno lile lilienda kwa miguu kutoka kijiji mpaka kijiji. Mwishoni mwa mwezi wa Julai 1905 vita vilianza katika nchi ya Wamatumbi. Mwanzoni mwa Agosti Wajerumani walimkamata Kinjikitile wakamnyonga. Lakini vita havikufa pamoja naye. Vilienea kusini yote, vikafika mpaka kwa Wangoni wa Songea.

Risasi hazikugeuka maji. Wajerumani walikuwa na bunduki za rasharasha, na watu walianguka kwa mamia mbele ya boma la Mahenge. Kisha jeshi la Wajerumani likafanya jambo baya zaidi: likachoma vijiji, likaharibu mavuno na ghala za chakula, ili njaa imalize kazi. Vita viliendelea mpaka 1907. Wajerumani wenyewe walihesabu watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria waliokuja baadaye wanasema walifika 250,000, hata 300,000, na sehemu kubwa waliuawa na njaa. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kupata neno la kuomba msamaha: Novemba 2023 prezida wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa waliouawa.

Hapa Congo pia tunayajua maji. Mwaka 1964, wakati wa maasi, wapiganaji wa Simba waliingia vitani na dawa ya maji na jina la Mulele mdomoni. Tangu miaka ya 1990 tunasikia katika Kivu jina la Mai-Mai. Mimi sitataja leo kundi lolote, wala sitasema nani ana haki na nani hana. Tena sitacheka dawa ya mtu. Mtu aliyechomewa nyumba hatafuti maji kwa ujinga. Anayatafuta kwa kuwa hakuna mwingine anayemkinga.

MCHEZO WENYEWE

Sasa tuangalie mwandishi alifanya nini na habari hiyo. Yeye mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa mawazo, si picha ya yule wa historia. Kwa hiyo alikuwa huru kumpa moyo na mashaka.

Mchezo hauanzi na shujaa. Unaanza na wanawake wanaozungumza juu ya ukosefu wa chakula, kwa kuwa wanaume wao wako katika shamba la Mjerumani. Mama mlio kambini, mnaelewa. Kisha tunaona jinsi watu wanavyopigwa, na jinsi msichana wa nyumba moja anavyochukuliwa kwa nguvu na watu wa utawala, na baba yake hana pa kushtaki. Wanaume wanakutana kwa siri, lakini hawaaminiani. Wa kabila hili anamwogopa wa kabila lile, kila mmoja anamdhania mwenzake ni mpelelezi.

Ndipo Kinjeketile anaingia mtoni kwa nguvu ya pepo, na anatoka akiwa na maji na neno. Watu wanafurahi. Wale waliokuwa hawaaminiani sasa wanashikana. Neno limefanya kazi ambayo njaa na fimbo hazikuweza kuifanya.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Katika neno lile lile mna jambo linalomtia Kinjeketile mwenyewe wasiwasi. Neno linasema kwamba Mjerumani akiondoka, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani watoto wa sultani wa Zanzibar. Anaanza kujiuliza: tumtoe bwana mmoja ili tuingie chini ya bwana mwingine? Na tena anaona kwamba watu hawajawa tayari. Anawaambia wangoje, wajenge umoja kwanza, watafute silaha, wajifunze. Hawamsikii. Wanasema: wewe mwenyewe umetuambia maji yanatosha. Neno limekwisha kumtoka, limekua kumpita yeye aliyelizaa. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

Vita vinakuja, watu wanakufa. Mwisho Kinjeketile yuko gerezani. Wanataka aseme mbele ya watu kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anakataa kwa sababu anajua kwamba akisema hivyo, wazungu watawaambia watoto wa kesho kwamba hata kudai haki yao kulikuwa uongo.

Nani alikuwa na haki? Kinjeketile, au yule rafiki yake aliyemwomba aseme kweli ili watu wasiendelee kufa? Mchezo hauwaambii. Unawaachia watazamaji waende nyumbani wakibishana. Na hapo ndipo faida yake ilipo. Watu wanabishana juu ya neno la kwenda vitani wakiwa wamekaa, hawana silaha mkononi, na hakuna aliyekufa.

MASWALI MATATU

Wandugu, sisi tuliosoma sheria tuna kanuni moja ya zamani sana: usimhukumu mtu kabla hujasikiliza upande wa pili. Wazee wetu waliijua kanuni hiyo kabla ya chuo chochote. Ndiyo kanuni ya barza. Mwenye kushtaki anasema, mwenye kushtakiwa anasema, mashahidi wanasema, na wazee wananyamaza mpaka mwisho. Teatri nzuri inafanya kazi kama barza. Kila mtu ndani yake anapewa nafasi ya kusema sababu zake.

Lakini neno la kuwaita vijana porini haliji mbele ya barza. Linakuja usiku, nyuma ya hema, kwa mtoto wa miaka kumi na minne ambaye baba yake hayupo. Linamwambia: wao walimwua ndugu yako, wewe unakaa tu unasubiri maharagi ya msaada? Neno hilo lina nusu ya kweli ndani yake, na kwa hiyo lina nguvu. Kweli ndugu yake aliuawa. Kweli maharagi hayatoshi. Nusu ya pili ndiyo isiyosemwa.

Kutoka katika mchezo wa Kinjeketile mimi naokota maswali matatu ambayo tunaweza kuyauliza mbele ya neno lolote la namna hiyo, likitoka kwa adui au kwa mtu wetu wenyewe.

Swali la kwanza: ni nani atakayelipa? Wanaotamka neno, je, watoto wao wenyewe wako mstari wa mbele? Katika vita vya Maji Maji hata wale ambao hawakushika mkuki walilipa kwa njaa. Hapa kwetu pia, anayechukua silaha ni kijana mmoja, na wanaokimbia ni kijiji kizima.

Swali la pili: likishinda neno hili, kesho tutakuwa watoto wa nani? Hilo ndilo swali la Kinjeketile juu ya Seyyid Said. Tumeona makundi mengi yakiingia kijijini kwa jina la kutulinda. Baada ya mwezi mmoja yameweka kamba barabarani, na mama anayepeleka mihogo sokoni analipa kodi ya kupita. Bwana amebadilika, mzigo ni ule ule.

Swali la tatu: tukitaka kulirudisha neno hili, tutaweza? Aliyetoa neno alipotaka kulisimamisha, hawakumsikia tena. Kiongozi anayesema maneno makali leo ili apate makofi, ajue kwamba kesho hataweza kuwaita vijana warudi. Viongozi wetu, swali hili ni lenu kwanza.

KIJIJI CHA MALYA

Mtasema: hayo ni mambo ya wasomi, jukwaa, taa na vitambaa. Basi tuangalie chuo kile kile baada ya miaka kumi na mitatu.

Mwaka 1982 na 1983 waalimu wa sanaa wa Dar es Salaam, kati yao Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walisafiri mbali na jukwaa lao, wakaenda katika kijiji cha Malya, upande wa Mwanza, katika nchi ya Wasukuma. Hawakufika na mchezo uliokwisha andikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza: hapa kwenu matatizo ni nini? Watu wakasema matatizo yao. Kati ya hayo yalikuwa mambo ya vijana wasio na kazi, na ya wasichana wanaopata mimba shuleni. Halafu vijana wa kijiji wenyewe wakatengeneza mchezo, kwa ngoma na nyimbo za kwao. Baada ya mchezo watu hawakutawanyika. Walikaa wakajadiliana juu ya mambo waliyoyaona.

Hatua zao zilikuwa tano tu: kuuliza, kuchambua majibu, kutengeneza mchezo, kuucheza, na kuzungumza baada ya mchezo. Hakuna hata hatua moja inayohitaji jenereta. Na hatua ya tano ndiyo kubwa. Mchezo bila mazungumzo ni furaha ya saa moja, kisha kila mtu anarudi hemani kwake na mawazo yake yale yale.

TUFANYE MSIMU WETU

Vyuo vikuu huweka michezo yao kwa msimu, kama mkulima anavyopanga kupanda: mchezo huu kwanza, ule baadaye, ili mmoja uandalie njia ya mwingine. Mimi nawaomba, ninyi komite za kambi na mashefu wa vijiji vinavyowapokea wakimbizi, mjaribu msimu mdogo wa michezo mitatu, juma moja moja.

Mchezo wa kwanza uwe juu ya jambo dogo linalogombanisha wenyeji na waliofika: maji ya bomba, kuni, zamu ya shamba, mbuzi aliyekula mboga za watu. Mwanzo mwepesi unawazoeza watu kucheka pamoja. Mchezo wa pili uwe juu ya uvumi: neno moja linatoka asubuhi kwenye bomba, na jioni limekuwa neno lingine kabisa. Mchezo wa tatu ndio uwe juu ya neno la kuwaita vijana porini, na maswali matatu tuliyoyataja yaulizwe ndani yake na mama, na mzee, na kijana mwenyewe.

Naomba mzingatie mambo haya sita.

La kwanza, wenye mamlaka wajue mapema. Komite ya kambi iandike barua kwa shefu, iseme siku, saa na mahali. Jambo lililofichwa huzaa mashaka.

La pili, msitaje jina la mtu aliye hai, wala kabila, wala kundi lenye silaha. Kijiji cha mchezo kipewe jina la kubuni. Mkitaja jina, mnageuza mchezo kuwa mashtaka, na mshtakiwa hayupo kujitetea. Tena mnaweza kumletea mchezaji hatari nyumbani kwake.

La tatu, msitumie silaha wala nguo za kijeshi, hata bunduki ya mti. Mbali ya hema mlinzi hawezi kujua kwamba ni mti. Anayecheza askari anaweza kuvaa kitambaa chekundu mkononi, watu wataelewa.

La nne, mbadilishane nafasi. Kijana wa hapa acheze mzee wa kule. Mwenyeji acheze mkimbizi anayefika usiku na watoto watatu na bidoni moja. Mkimbizi acheze mwenye shamba anayeona miti yake inakatwa kuni. Mtu akisema maneno ya mwenzake kwa kinywa chake mwenyewe, hata kama hayakubali, amekwisha kuyasikia.

La tano, msimlazimishe mtu yeyote kucheza maumivu yake. Kuna mama na wasichana kati yetu waliotendewa mambo ambayo hayapaswi kuonyeshwa mbele ya watu. Mchezo uyaheshimu kwa kunyamaza. Na mtu akianza kulia katikati ya watazamaji, pawe na mama mwenye hekima aliyekwisha kuandaliwa kumchukua pembeni.

La sita, katika mazungumzo ya mwisho, wakubwa waseme mwisho. Wakianza wao, vijana watanyamaza kwa adabu, na hatutajua yaliyo moyoni mwao. Anayeongoza mazungumzo aulize: katika mchezo ni nani aliyekuwa na haki, na juu ya nini? Ni wapi jambo hili lingeweza kuzuiwa? Kisha anyamaze asikilize.

Mahali pa kuchezea ni uwanja tu. Saa nzuri ni alasiri, baada ya maji kutekwa na kabla ya giza, ili wasichana warudi hemani mapema. Siku ya salongo watu wako pamoja tayari. Lugha iwe Kiswahili, na penye kabila lisiloelewa vizuri, mtu mmoja asimame kando aeleze kwa lugha yao. Mzee akiwa na methali ya kwao, aiseme kwa lugha ya kwao kwanza.

SHERIA INASEMA NINI

Niliahidi kwamba sitaanza na sheria. Sikuahidi kwamba sitamaliza nayo.

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 23, inampa kila mtu haki ya kusema mawazo yake, akiheshimu sheria, amani ya watu wote na mwenendo mwema. Kuwa mkimbizi wa ndani hakukuondolei haki hiyo. Kifungu cha 190 cha katiba hiyo hiyo kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi la binafsi au kulea vijana wenye silaha, na kinaita kosa hilo uhaini mkubwa.

Tena kuna sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto. Kifungu chake cha 187 kinasema kwamba anayeingiza mtoto wa chini ya miaka kumi na minane katika jeshi, katika kundi la silaha au katika polisi, anafungwa miaka kumi mpaka ishirini. Sheria haisemi isipokuwa kundi letu. Haisemi isipokuwa mtoto alikubali mwenyewe. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko La Haye, ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri miaka kumi na minne gerezani kwa kosa hilo hilo la kuwatumia watoto vitani. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ile. Basi shefu anayeombwa kutoa vijana, na awe na maneno haya mdomoni: sheria inanikataza, na mtoto huyu si mali yangu niweze kumtoa.

Najua kwamba sheria iko mbali, na mwenye bunduki yuko karibu. Siwadanganyi. Mchezo wa kuigiza hautamnyang'anya mtu bunduki yake. Hautarudisha shamba, wala hautaleta maharagi. Lakini kijana aliyewahi kuliona neno lile likiulizwa maswali mbele ya mama yake, mbele ya wazee na mbele ya rafiki zake, usiku litakapomjia nyuma ya hema atakuwa na la kujibu. Ataweza kuuliza: ni nani atakayelipa? Kesho tutakuwa watoto wa nani? Na nikitaka kurudi, nitaweza? Anayeuliza maswali matatu anachelewa kuondoka. Na kuchelewa usiku mmoja kumeokoa watoto wengi.

Mnaosoma maneno haya katika karatasi, msomeeni jirani asiyejua kusoma, halafu mzungumze. Kaeni na amani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kambi au kijiji chetu, ni maneno gani yanazunguka sasa ambayo hakuna anayeyauliza swali mahali pa wazi?

2. Kinjeketile aliombwa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, akakataa. Je, alifanya vema? Wanaosema ndiyo watoe sababu, na wanaosema hapana watoe sababu.

3. Kati ya maswali matatu ya mazungumzo haya, ni lipi lililo gumu zaidi kwa viongozi wetu? Ni lipi lililo gumu zaidi kwa vijana?

4. Tukitaka kutengeneza mchezo wa kwanza juu ya ugomvi mdogo kati ya wenyeji na wakimbizi, tuanze na ugomvi gani? Nani atacheza nafasi ya nani?